Filamu za ZIFF hadi Kibondo: hesabu ya hudhurio moja

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, liliasisiwa mwaka 1997, likafanyika mara ya kwanza 1998 na kutimiza awamu ya 25 mwaka 2022. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar na 2,470,967 mkoani Kigoma, yaani asilimia 31 zaidi. Je, mkazi wa Kasulu au Kibondo, wilaya za Kigoma, ataziona filamu za tamasha hilo kwa shilingi ngapi? Bei zote hapa chini ni makadirio yetu. Msomaji anaweza kuweka zake.

Njia ya kwanza ni kusafiri. Tuchukulie basi la Kibondo hadi Dar es Salaam ni 60,000, boti ya kutoka hapo hadi Zanzibar 30,000, malazi 30,000 kwa usiku na chakula 15,000 kwa siku. Kwenda na kurudi, kulala mara nne na kula siku sita ni shilingi 390,000 kwa mtu mmoja, kabla ya tiketi.

Njia ya pili ni kupeleka skrini. Kwa usiku mmoja: mitambo 150,000, gari na mafuta yake 250,000, mafuta ya jenereta 50,000, watu wanne 200,000 na haki za filamu 150,000. Jumla ni 800,000. Maonyesho matatu ya usiku Kasulu na matatu Kibondo ni 4,800,000, nauli na matumizi ya wasafiri 12 tu.

Hapo ndipo idadi ya watazamaji inapoamua. Hudhurio moja ni mtu mmoja kwa usiku mmoja. Wakija 600 kila usiku, mahudhurio ni 3,600 na kila moja limegharimu 1,333. Wakija 200, gharama inapanda hadi 4,000. Na kama katika yale mahudhurio 3,600 kila mtu amekuja mara mbili, watu halisi ni 1,800, kila mmoja kwa 2,667.

Njia ya tatu iko tayari mitaani: banda umiza, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio. Kwa kiingilio cha 500, shilingi 4,800,000 zinalipia mahudhurio 9,600. Lakini kiingilio hicho mara nyingi hakimfikii mwenye filamu. Tukimwongezea mwenye filamu 300 kwa kila hudhurio, mahudhurio yanashuka hadi 6,000, bado asilimia 67 zaidi ya skrini ya kusafiri iliyojaa.

Makadirio haya yana mapengo mawili. Kwanza, filamu nyingi za tamasha zina maandishi ya Kiingereza, hivyo msimulizi wa Kiswahili au Kiha ni lazima. Akilipwa 50,000 kwa usiku, skrini inafikia 5,100,000. Pili, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, ina wakazi wanaohitaji kibali ili kutoka nje ya kambi. Kwao safari ya 390,000 haipo kabisa. Filamu ndiyo inayopaswa kuwafuata.

Kwa hesabu hizi, banda umiza linalomlipa mwenye filamu ndilo la bei nafuu, na skrini ya kusafiri inafaa pale ambapo banda halipo. Mfadhili yeyote aanze kwa kudai takwimu mbili, mahudhurio na watu halisi, kwa kuwa takwimu ya kwanza peke yake inaweza kuonyesha ufikaji maradufu bila mtazamaji mpya hata mmoja.