Sura ya 5: Bakteria Wasiokubali Kuoteshwa

Kwa miaka mingi, bakteria wa kinywani aliyefahamika vizuri ni yule aliyekubali kuoteshwa maabara. Ukoga ulikwanguliwa, ukapakwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisha kikasubiriwa kitakachoota. Kwa njia hiyo J. Kilian Clarke wa Uingereza alimtenga Streptococcus mutans kutoka meno yaliyooza, mwaka 1924. Lakini vinywa vya binadamu vina aina zipatazo 700 za bakteria, na nyingi hazioti kirahisi: wengine hufa wakiguswa na hewa, wengine hawaishi bila majirani zao.

Bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta, humtambua bakteria bila kumwotesha. Kila bakteria ana jeni iitwayo 16S rRNA, yenye herufi 1,500 hivi. Sehemu zake nyingine hufanana kwa bakteria karibu wote, na hizo ndizo zinazoshikwa ili jeni inakiliwe. Nyingine hutofautiana, na hizo ndizo zinazomtaja mwenyewe.

Tuseme sampuli imetolewa chini ya ufizi unaovuja damu. Mashine ya kusoma vinasaba hutoa maelfu ya vipande vya herufi A, C, G na T. Programu hutupa vilivyosomwa vibaya, hukusanya vinavyofanana, kisha hulinganisha kila fungu na hazina ya vinasaba iitwayo eHOMD, iliyoanzishwa katika Forsyth Institute, Marekani. Kipimo chake cha kawaida ni 98.5%: jeni zikilingana kufikia hapo, huhesabiwa kuwa za aina moja. Asiye na jina la kisayansi hupewa namba, ili mtafiti wa Nairobi na wa Tokyo wajue wanamzungumzia yuleyule.

Kinachopatikana ni orodha, nayo ina mitego. Vinasaba vya bakteria mfu husomeka kama vya aliye hai. Wengine wana nakala moja ya jeni hii, wengine kadhaa, kwa hiyo wingi wa nakala haulingani na idadi ya bakteria. Tena jina halisemi mwenye jina anafanya nini: Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa na ugonjwa wa fizi, hupatikana pia kwa watu wenye fizi nzima. Ndiyo maana jenomu kamili, yaani vinasaba vyote vya bakteria, husomwa. Ile ya S. mutans, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi milioni 2 hivi. Ndani yake zimo jeni za kugeuza sukari za namna nyingi kuwa asidi, na za kutengeneza utando unaomgandisha kwenye jino.

Kwenye kiti cha mgonjwa, daktari bado anategemea macho, picha ya eksirei na kupima kina cha ufizi. Kilichobadilika ni maelezo ya ugonjwa. Yako matundu ambamo S. mutans ni haba au hayumo kabisa, na asidi inatengenezwa na wengine. Kumwinda mdudu mmoja hakutoshi. Sukari inayoingia kinywani mara kwa mara ndiyo inayowanenepesha watengeneza asidi wote, kwa hiyo kuipunguza na kusugua meno kwa dawa yenye floraidi kunawabana wote, wenye majina na wenye namba tu.