Mguu wa Kwenda Nao Shambani

Tumfikirie mkulima aliyekatwa mguu chini ya goti. Kidonda kimepona. Amepewa mguu wa bandia uliovishwa soksi na kiatu cheusi. Siku ya kwanza majirani wanakuja kumpongeza. Wiki ya pili anakwenda nao shambani. Kiatu kinajaa tope. Akitaka kuchuchumaa apalilie, kisigino hakikubali kukaa chini, naye anaanguka chali. Mvua zikianza, kiatu kinaloa na kuoza. Baada ya miezi michache mguu umetundikwa nyuma ya mlango, na mwenyewe amerudia magongo yake.

Je, mtu huyu ni mvivu? Je, hana shukrani? Hapana. Mguu ule ulitengenezwa kwa maisha ya mtu mwingine. Katika somo hili tutaona jinsi mguu unavyofanya kazi, jinsi soli ya kiatu inavyousaidia, na jinsi daktari na fundi wa India walivyotengeneza mguu unaofaa shambani.

1. Kazi mbili za wayo

Sehemu yote iliyo chini ya kifundo cha mguu tutaiita wayo. Wayo mmoja una mifupa 26, nayo imefungwa pamoja kwa kano ngumu. Wayo una kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kupokea mshindo. Mtu anapotembea, kisigino ndicho kinachotangulia kugusa ardhi. Bonyeza kisigino chako kwa kidole gumba. Utaona kwamba kinabonyea kidogo, kisha kinarudi. Chini ya ngozi hiyo kuna mafuta yaliyofungiwa katika vyumba vidogo vidogo, kama asali katika sega. Mafuta hayo hupunguza mshindo kabla haujafika gotini na kiunoni. Mtu anapokimbia, kila hatua hutua kwa nguvu ya mara mbili au tatu ya uzito wake. Mtu mwenye kilo 60 hutua kama mwenye kilo 120 mpaka 180, tena kwa mguu mmoja.

Kazi ya pili ni kusukuma. Lowanisha wayo wako, kisha kanyaga sakafu kavu. Kwa watu wengi, alama ya katikati, upande wa ndani, haionekani. Hapo pana tao. Chini ya tao hilo kuna ukanda mgumu unaotoka kisiginoni mpaka kwenye vidole. Tao ni kama upinde, na ukanda ni kama uzi wake. Uzito wa mwili ukishuka, tao hujilaza na ukanda huvutika. Kisigino kikiinuka, tao hurudi na kuusukuma mwili mbele. Mwaka 1987 wataalamu wa Uingereza walichukua nyayo zilizokatwa hospitalini kwa sababu ya ugonjwa, wakazikandamiza kwa mashine. Mashine ilipolegezwa, nyayo zilirudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuzikandamiza. Hivyo ilionekana wazi kwamba wayo ni springi.

Lakini tukumbuke jambo moja. Springi haizai nguvu. Hurudisha ile iliyowekwa, tena hupunguka kidogo. Ni kama springi za kiti cha baiskeli. Ukikaa zinabonyea, ukiinuka zinapanda. Hazitaiendesha baiskeli kwa niaba yako.

2. Soli ya kiatu

Soli nzuri huusaidia wayo katika kazi hizo mbili. Tutazame viatu viwili tunavyovijua.

Kandambili mpya ni laini. Ndani ya mpira wake kuna vitundu vingi vyenye hewa. Ukikanyaga, hewa inabanwa. Ukiinua mguu, inapanuka. Lakini vitundu hivyo huchoka. Baada ya muda kisigino cha kandambili hubonyea moja kwa moja, na hapo huwa umekanyaga ardhi yenyewe. Tena mwiba mrefu huipenya.

Kiatu cha tairi ni kinyume chake. Miiba haikiwezi, nacho hudumu kwa miaka. Lakini ni kigumu, hakipunguzi mshindo sana.

Je, tukiunganisha vyote viwili? Ndivyo vinavyotengenezwa viatu vya watu waliopoteza hisia miguuni kwa sababu ya ukoma. Ndani huwekwa tabaka la mpira laini wenye vitundu, nje huwekwa mpira mgumu wa tairi. Kilicho laini husambaza uzito ili usilemee mahali pamoja na kuleta kidonda. Kilicho kigumu huzuia miiba na misumari.

Usifikiri kwamba kiatu kilaini mno ndicho bora. Tembea juu ya godoro, au juu ya mchanga mkavu wa pwani. Utachoka upesi, maana mguu unazama na kuyumba. Soli inatakiwa iwe laini kisiginoni, imara katikati, na ikunjike pale vidole vinapokunjika. Kunja kiatu chako kwa mikono. Kama kinakunjika katikati kama karatasi, hakilisaidii tao. Kama soli imelika upande mmoja, tengeneza mapema, kwa sababu goti nalo huenda upande.

3. Mguu wenye kisigino laini

Mafundi wa miguu ya bandia walitafuta njia ya kuiga mambo hayo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walitengeneza wayo rahisi sana. Katikati una mti, nje una mpira, na kisiginoni una kipande cha mpira laini. Hauna kiungo hata kimoja. Mtu akikanyaga, kisigino hubonyea, na ncha ya mbele hushuka taratibu mpaka chini, kana kwamba kifundo kimekunjika. Hakuna kiungo cha chuma cha kupata kutu wala kulegea. Kwa hiyo wayo huo ulienea duniani kote.

Lakini ulikusudiwa kuvaliwa ndani ya kiatu, na mtu wa kuuvaa alifikiriwa kuwa ni wa kukaa kwenye kiti. Hauwezi kukunjika ili mtu achuchumae.

4. Daktari na fundi wa Jaipur

Katika mji wa Jaipur, India, daktari Pramod Karan Sethi aliwatibu watu wengi waliokatwa miguu. Aliona jambo la kusikitisha. Wagonjwa waliopewa miguu ya bandia waliiacha na kurudia magongo. Watu wa huko huvua viatu wanapoingia nyumbani na mahali pa ibada. Hukaa chini wakiwa wamekunja miguu. Hulima penye maji na tope. Miguu waliyopewa ilishindwa kazi hizo.

Hospitalini hapo alikuwapo fundi wa kazi za mikono, Ram Chandra Sharma. Hakusoma sana shuleni, lakini alikuwa na macho ya fundi. Inasimuliwa kwamba siku moja tairi la baiskeli yake lilipasuka. Akiwa anangoja litengenezwe, akaona mafundi wakiunguza mpira wa tairi la lori ndani ya kalibu ili lifufuke. Akajiuliza: je, mpira huu hauwezi kuwa mguu?

Mguu wa mpira mtupu ulikuwa mzito na mgumu mno. Wakajaribu tena na tena, na wagonjwa wakaupima kwa kutembea. Mwaka 1968 ukapatikana mguu uliofaa. Kisigino na sehemu ya mbele ni mpira laini wenye vitundu. Kifundo ni mti mwepesi. Vyote hufungwa kwa nyuzi za tairi na mpira mgumu, kisha hupikwa katika kalibu mpaka viwe kitu kimoja, chenye rangi ya ngozi na umbo la vidole.

Mguu huo hukunjika mbele na kando. Mwenye nao huchuchumaa, hupita kwenye mawe, huingia majini na hutembea pekupeku. Mwaka 1975 chama kilianzishwa Jaipur ili kuwapa maskini miguu hiyo bila malipo. Baadaye ilifika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Daktari alijua mifupa, fundi alijua mpira, na mgonjwa alijua maisha yake. Mmoja wao angekosekana, mguu usingefaa.

5. Springi ya kukimbilia

Mpira hupokea mshindo vizuri, lakini hurudisha nguvu kidogo. Mmarekani Van Phillips alipoteza mguu mwaka 1976 akiwa kijana wa miaka 21. Alitaka kukimbia tena. Katika miaka ya 1980 alitengeneza wayo kwa nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na zenye nguvu. Umbo lake ni bapa lililopinda, mfano wa springi za lori. Uzito ukishuka linapinda, likinyooka linasukuma. Wakimbiaji waliokatwa miguu hutumia springi za namna hiyo. Lakini bei yake ni kubwa.

6. Mwambie fundi kazi yako

Mjini Moshi kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Ukiwa na ndugu aliyekatwa mguu, msaidie aende hospitali kubwa akaulizie mafundi hao. Akifika asione haya. Aseme: “Mimi nalima mpunga. Natembea kilometa tano. Nachuchumaa. Nyumbani sivai viatu.” Maneno hayo ni sehemu ya kipimo, kama urefu wa mguu.

Akishapewa mguu, akague kigutu chake kila jioni. Akiona wekundu usiotoka au mchubuko, arudi kwa fundi mapema. Mguu unaouma hurekebishwa. Ukitundikwa nyuma ya mlango haumsaidii mtu.

Maswali

1. Wayo una kazi gani mbili?
2. Kwa nini soli laini mno huchosha?
3. Kwa nini wagonjwa wa Jaipur waliiacha miguu yao ya kwanza?
4. Kagua viatu vya wanadarasa. Vipi vimelika upande mmoja? Jadilianeni namna ya kuvitengeneza.