Si Kila Mwenye Sindano Ni Daktari: Tuyajue Majina ya Kazi za Tiba Katika Jeshi la Marekani

Kijana anapopiga simu kutoka Texas na kumwambia mama yake kwamba ameingia kitengo cha tiba cha jeshi la Marekani, habari husafiri haraka. Kufika jioni mtaa mzima umeshajua kwamba mtoto wa fulani ni daktari wa jeshi. Hatusemi mama amedanganya. Majina yenyewe yanachanganya, na hata kijana aweza kutia sahihi mkataba wa miaka kadhaa akiwa na mawazo yale yale ya mama. Kwa kuwa wapo vijana wetu wanaoishi huko na kuvutwa na kazi hizi, tumeona vema tuyapitie majina hayo pamoja nanyi.

Jeshi lile lina milango miwili. Askari wa kawaida huingia na cheti cha sekondari, akafundishwa kazi humo humo. Ofisa wa tiba huja na elimu ya chuo kikuu na leseni. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kupita mlango wa kwanza. Ule wa pili kwa kawaida ni wa raia.

Katika jeshi la nchi kavu, wengi wa mlango wa kwanza hupewa namba 68W. Huyu ndiye mhudumu wa tiba wa mstari wa mbele. Baada ya wiki 10 za mafunzo ya uaskari hupelekwa Fort Sam Houston, mjini San Antonio, kwa wiki 16 nyingine. Hujifunza kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kutundika dripu. Lazima ashinde mtihani wa taifa wa mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi, yaani cheti kile kile cha wahudumu wengi wa magari ya wagonjwa.

Hapa ndipo penye maumivu. Vitani kijana huyu huruhusiwa kuchoma sindano kubwa kifuani mwa majeruhi ili kutoa hewa inayolibana pafu. Akivua sare na kuajiriwa kwenye gari la wagonjwa mjini kwa cheti chake cha msingi, kazi hiyo si yake tena. Mikono ni ile ile, ila ruhusa imebaki jeshini. Cheti chenyewe huhitaji kuhuishwa kila baada ya miaka miwili.

Tofautisha na namba 68C. Herufi moja tu imebadilika, lakini huyu husomea uuguzi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na hutoka na leseni ya muuguzi wa ngazi ya chini inayotambulika hospitali za kiraia. Binti akituuliza, tungemwambia aitazame herufi hiyo kwa macho mawili kabla ya kushika kalamu.

Wanamaji wana kikosi chao cha wahudumu wa hospitali tangu mwaka 1898. Hao ndio huwatibu pia askari wa Marines, ambao hawana wahudumu wao wenyewe. Marines humwita mhudumu huyo "Doc", kifupi cha daktari, kwa heshima na mapenzi. Ni jina la utani tu, wala si shahada.

Muuguzi ofisa ni habari nyingine. Anatakiwa awe na shahada ya uuguzi na leseni kamili. Kikosi cha wauguzi cha jeshi la nchi kavu kilianzishwa mwaka 1901, lakini wanawake hao walisubiri hadi 1947 kupata vyeo kamili vya uofisa. Wanaume nao walipokewa humo kama maofisa mwaka 1955. Kwa mara moja akina baba ndio waliobisha hodi!

Daktari mwenye shahada na leseni huanza, katika nchi kavu, na cheo cha kapteni. Usikichanganye na kapteni wa wanamaji, maana huyo ni sawa na kanali. Tena kuna "mpasuaji wa batalioni" na "mpasuaji wa marubani", ambao huenda hawapasui mtu hata mmoja. Ni madaktari wa kawaida waliorithi jina la zamani.

Zamani hizo hizo zilimtesa Mary Walker. Alihitimu udaktari mwaka 1855 huko Syracuse. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza aliomba nafasi ya udaktari jeshini, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alitibu kwanza bila mshahara, baadaye kwa mkataba wa kiraia, na mwaka 1864 akatekwa na kufungwa miezi minne. Alitunukiwa Nishani ya Heshima mwaka 1865, akanyang'anywa 1917, ikarudishwa 1977 akiwa kaburini. Mwaka 2015 Nadja West, mwanamke mweusi aliyelelewa na wazazi wa kumwasili, aliapishwa kuwa mganga mkuu wa jeshi la nchi kavu kwa cheo cha luteni jenerali. Alistaafu 2019.

Kwa wale waliotoka jeshini na ujuzi usio na karatasi, njia ilipatikana mwaka 1965. Daktari Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke aliwachukua wahudumu wanne waliotoka jeshi la wanamaji, na mwaka 1967 watatu wakahitimu kuwa madaktari wasaidizi wa kwanza nchini humo. Kazi yao inakaribia ile ya tabibu wa kwetu. Leo jeshi lina shule yake ya fani hiyo huko huko Fort Sam Houston, na askari wa 68W anaweza kuomba akitimiza masomo ya chuo yanayotakiwa.

Basi mama, simu ikija, uliza namba ya kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wenyewe, si ile aliyoahidiwa kwa mdomo. Kisha uliza ni mtihani gani wa kiraia ataufanya, na nani atalipa ada ya kukihuisha cheti akishavua sare.