Nzi mweupe wa mihogo na jeni aliyoichukua kwa mmea

BUNIA – Mkulima wa Irumu, Djugu au Mahagi akigeuza jani la mhogo, mara nyingi atawakuta upande wa chini: wadudu weupe, wadogo kuliko punje ya ufuta, wanaoruka wote pamoja jani likitikiswa. Ni nzi weupe. Wananyonya utomvu, lakini hasara kubwa ni virusi wanavyopeleka kutoka mmea hadi mmea: mozaiki, inayokunja majani, na michirizi ya kahawia, inayoozesha mizizi udongoni huku majani yakiweza kuonekana mazima.

Mozaiki kali ilianza kuenea Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikavuka mipaka. Mwaka 2012, watafiti walitangaza kwamba virusi vya michirizi ya kahawia vimethibitishwa mashariki mwa Congo. Kwa mji unaokula fufu na sombe, hilo si jambo dogo.

Kwa nini mdudu dhaifu hivi anasumbua mimea mingi? Sehemu ya jibu ni ya kushangaza.

Mimea mingi hutengeneza sumu ya kufukuza wadudu. Lakini mmea wenyewe nao lazima usidhurike, kwa hiyo una jeni za kutuliza sumu hiyo. Mwaka 2021, watafiti wa China na wenzao wa Uswisi walieleza katika jarida la Cell kwamba nzi mweupe anayo jeni ya namna hiyo, inayoitwa BtPMaT1, na kwamba asili yake ni mmea. Aliipata miaka karibu milioni 35 iliyopita. Kwa kawaida jeni hutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Hii ilivuka kutoka mmea hadi mdudu, na watafiti wanadhani huenda virusi ndivyo vilivyoibeba.

Nzi mweupe si peke yake. Kuna nzi wadogo wa matunda ambao mababu zao walipata jeni ya sumu iliyotoka kwa bakteria na virusi vya bakteria. Nyigu akitaga yai ndani ya funza wa nzi hao, sumu hiyo husaidia kuliua yai. Silaha ya kiumbe kingine imekuwa kinga ya mwili wao.

Ugunduzi huu una faida gani kwa mkulima? Watafiti hao walitengeneza nyanya zinazozima jeni ya BtPMaT1 ndani ya tumbo la nzi mweupe. Karibu nzi wote waliozila walikufa, na wadudu wengine waliojaribiwa hawakudhurika. Hiyo ni tofauti kubwa na dawa za kupuliza, ambazo huua hata nyuki, na ambazo nzi mweupe huzizoea haraka.

Lakini jaribio hilo lilikuwa la nyanya, si la mihogo. Kwa sasa, kinga ya mkulima wa Ituri iko mikononi mwake: kukata vijiti vya kupanda kwenye mashina yasiyo na dalili, kung'oa mapema mmea ulioambukizwa, kutobeba vijiti kutoka eneo lenye ugonjwa, na kumuuliza agronomu wa eneo kuhusu mbegu zinazostahimili. Kabla ya kuchukua vijiti kwa jirani, ng'oa shina moja na upasue mzizi. Ukiona madoa ya kahawia ndani, usivipande.