Furu wa Ziwa Letu: Maji Yanapokosa Mwanga



Makala hii ilianzia kwenye darasa la fiqhi. Tulikuwa katika mlango wa maji, tukieleza kuwa maji yaliyobadilika rangi kwa mwani, kwa tope au kwa kukaa mahali pamoja muda mrefu yanabaki kuwa twahara na yanatwaharisha, kwani hayo ni mambo ambayo maji hayawezi kuepushwa nayo. Mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Igombe akauliza: yale maji ya kijani yanayosukumwa na upepo hadi ufukweni kwao, mtu akitawadha nayo udhu wake unaswihi? Tukamjibu kuwa unaswihi, maadamu ukijani huo ni wa mwani na si wa najisi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili: "Na samaki wanaoishi humo, wao inakuwaje?"

Jibu la swali la kwanza limo kitabuni. La pili halikuwemo katika kitabu chochote tulichokuwa nacho, na tuliona si uadilifu kumjibu mtoto kwa kubahatisha. Basi tukawatafuta watu ambao kazi yao ni kuwachunguza samaki wa ziwa hili, tukakaa nao, tukauliza na kuandika. Haya mtakayoyasoma ni tuliyoelezwa pamoja na tuliyoyasoma baadaye ili kuhakikisha.

FURU NI SAMAKI GANI?

Wengi wetu tunamjua furu kuwa ni samaki mdogo mwenye miba mingi, anayeuzwa kwa mafungu, ambaye mvuvi akimpata hafurahi sana. Tulipofika kwa watafiti tulidhani tutazungumzia sangara na sato, kwa kuwa ndio wenye thamani sokoni. Wao wakaanza na furu. Tukashangaa.

Sababu yao ni hii. Tunaposema "furu" tunadhani ni samaki mmoja, kumbe ni jina la ukoo mzima. Katika Ziwa Victoria kumehesabiwa aina zaidi ya 500 za furu, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ukaguzi wa ziwa uliofanywa kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionesha kuwa katika samaki walionaswa kwa nyavu za kukokotwa chini ya maji, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wote ilikuwa ni furu. Yaani ziwa hili, kabla ya kuwa la sangara, lilikuwa ni ziwa la furu.

Na kila aina ilipewa riziki yake. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, wanaokula uduvi, wadudu, samaki wenzao, hata wanaokula magamba ya samaki wengine. Lililowachekesha sana wanafunzi wetu, na kisha kuwahuzunisha, ni hili: mama furu huhifadhi mayai na watoto wake mdomoni mpaka waweze kujitegemea, na wapo furu wengine ambao kazi yao ni kumvizia mama huyo na kumlazimisha awateme watoto, kisha wawale.

Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuja kuweka kituo chao Nyegezi, hapa hapa Mwanza, ili kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza. Miongoni mwao alikuwepo Frans Witte, aliyeendelea na samaki hawa mpaka alipofariki mwaka 2013, na Tijs Goldschmidt, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo. Kila wavu ulipovutwa walikuta samaki wasio na jina katika kitabu chochote cha sayansi. Wavuvi wetu walikuwa na majina yao, na baadhi yamebaki. Furu wa kwenye miamba huitwa "mbipi" na wavuvi wa hapa, na mwaka 1998 wanasayansi walitoa jina la kundi moja la samaki hao kutokana na neno hilo: Mbipia. Mwaka huo huo kundi jingine, lenye samaki wa mistari, wakaliita Pundamilia. Na samaki mmoja mwekundu wa mgongoni amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Alipewa mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka. Kwa hiyo mwanafunzi akifungua kitabu cha viumbe huko ng'ambo atakuta Kiswahili cha kwao kimeandikwa humo kama jina rasmi.

SANGARA ALIVYOKUJA

Wazee wanasema sangara aliletwa, na ni kweli. Asili yake ni maji kama Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Alianza kuingizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kisha akapandikizwa kwa uwazi mwaka 1962 na 1963. Makusudio yalikuwa kuwageuza furu, ambao walionekana hawana faida, kuwa nyama ya samaki mkubwa. Hata wakati huo wanasayansi hawakuafikiana. Mwaka 1960, Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya utafiti Afrika Mashariki, aliandika kupinga jambo hilo na kueleza hatari yake. Hakusikilizwa.

Kwa muda mrefu hapakuonekana lolote. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara wakaongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza, na wale watafiti wa Nyegezi, waliokuja kuhesabu samaki, wakajikuta wanahesabu kutoweka kwao. Ndani ya miaka michache nyavu zilizokuwa zikija zimejaa furu zikawa zinakuja na sangara na uduvi. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka, nyingine kabla hata hazijapewa jina. Insafu inatutaka tuseme pia kwamba kabla ya hapo furu walikuwa tayari wameanza kupungua sehemu za ghuba kwa kuvuliwa na meli za kukokota nyavu, wakitengenezewa unga wa chakula cha mifugo.

Hatuandiki haya ili kumtukana sangara. Viwanda vya minofu vilivyofunguliwa Mwanza tangu miaka ya 1990 vimeajiri wazazi wengi, na ada za baadhi ya wanafunzi wetu zimetoka kwake. Lakini watafiti walitueleza jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Furu na dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta mengi, jua halimkaushi, kwa hiyo anapohifadhiwa na wachuuzi hubanikwa kwa moshi au hukaangwa, na hilo linataka kuni. Kuni zinatoka kwenye vilima na visiwa. Miti ikiondoka, mvua inachukua udongo na kuuingiza ziwani. Hapo ndipo tuliporudi kwenye swali la yule kijana.

MAJI YA KIJANI YANAFANYA NINI?

Mwani unakula chakula kama mmea wowote, na chakula chake ni kile kile anachotafuta mkulima anaponunua mbolea. Kinaingia ziwani na udongo wa mashamba kupitia mito kama Simiyu na Mara, na kinaingia na maji machafu ya mji. Mwenye shaka asimame kwenye daraja lolote la Mto Mirongo siku ya mvua. Vilevile kinashuka kutoka angani. Mwaka 2005 Dk. Rashid Tamatamah na wenzake walichapisha utafiti ulioonesha kuwa sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inaletwa na vumbi na moshi wa moto tunaouwasha mashambani na porini, unaoteremka wenyewe au pamoja na mvua. Mwani unapozidi kisha ukafa, unazama na kuoza, na kuoza huko kunamaliza hewa ya vilindini, hivyo samaki wanasongamana juu.

Hilo la hewa tulilitarajia. La mwanga hatukulitarajia, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Ole Seehausen alifanya kazi kwenye visiwa vya mawe vya Mwanza akiwachunguza Pundamilia wawili. Dume wa aina moja ana rangi ya buluu. Dume wa aina ya pili, yule mwenye jina la Mwalimu, ni mwekundu mgongoni na ubavu wake una manjano na mistari myeusi. Majike wao wanafanana mno hata mtaalamu anapata tabu kuwatenganisha. Wanaishi mwamba mmoja, na wakizaliana pamoja wanapata watoto wazima wasio na kasoro. Basi ni kitu gani kinachowazuia wasichanganyike? Ni jike kuchagua kwa macho. Jike wa aina ya buluu anamwendea dume wa buluu, na wa nyekundu vivyo hivyo.

Ili kuhakikisha, waliwaweka samaki hao kwenye matangi ya kioo. Chini ya taa nyeupe majike walichagua dume wa aina yao. Kisha wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa ambao unaficha tofauti ya buluu na nyekundu. Majike wakashindwa kubagua, wakawa wanamwendea dume yeyote.

Sasa tazama ziwani. Maji machafu yanafanya kazi ile ile ya taa ya chungwa, kwani yanazuia mwanga wa buluu na kuacha ule wa wekundu na manjano. Kisiwa cha Makobe, kwenye Ghuba ya Speke, kina maji maangavu. Kisahani cheupe kikiteremshwa kwa kamba kinaonekana mpaka kina cha mita 2 hivi. Hapo samaki wa buluu na wekundu wako mbalimbali kabisa. Ukiingia Ghuba ya Mwanza na kwenda kusini, maji yanazidi kuwa machafu kisiwa hadi kisiwa, na unazidi kukuta samaki wa rangi ya katikati. Kisiwa cha Luanso, ambako kisahani kinapotea kwenye nusu mita hivi, aina mbili hizo hazitambulikani tena, pana mchanganyiko mmoja. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1997, na tena kwa upana zaidi mwaka 2008, na katika waandishi wa mwaka 2008 alikuwemo Hillary Mrosso wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), Mwanza.

Maana yake ni kwamba aina ya samaki inaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kuuawa. Hakuna wavu wala sangara aliyehusika pale Luanso. Maji yametiwa kiza, wakashindwa kuonana. Wanafunzi wakubwa walitaka tuingie kwenye mjadala wa aina hizi zilivyotokea hapo mwanzo, na wanasayansi wana maelezo yao marefu juu ya hilo. Sisi tuliona tusitoke kwenye swali lililotuleta, nalo ni kinachozifanya zisipotee leo.

WALIORUDI

Zipo habari njema. Tangu miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu wamerudi kwa wingi. Lakini hawakurudi kama walivyoondoka. Furu mmoja mdogo wa Ghuba ya Mwanza, ambaye zamani alikula vijidudu vinavyoelea majini, amerudi akiwa na matamvua makubwa zaidi ya kupumulia kwenye maji yenye hewa kidogo, na anakula pia wadudu na uduvi. Alipimwa na kulinganishwa na samaki wa aina yake waliohifadhiwa kwenye chupa tangu kabla ya sangara. Tuliuliza: kwa nini mtu ahifadhi samaki wa shilingi chache kwenye chupa kwa miaka 30? Jibu ndilo hilo. Bila zile chupa hakuna ambaye angejua kuwa amebadilika.

Wanaovunja konokono hawakuwa na bahati hiyo, wamebaki wachache. Wazazi wa ufukweni wajue kwamba konokono wa majini ndio wanaobeba kichocho, na kwamba kichocho kinaingia kwa konokono kupitia choo cha binadamu kinachofika majini. Wanafunzi wetu wanasoma katika adabu za kukidhi haja kuwa ni haramu kujisaidia pale watu wanapochota maji. Wengi wanaihifadhi kwa ajili ya mtihani.

Baada ya mazungumzo hayo wanafunzi walichukua kifuniko cheupe cha ndoo, wakakitoboa, wakakifunga jiwe na kamba yenye fundo kila nusu mita. Yule kijana wa Igombe ndiye aliyekiteremsha, pembeni ya mtumbwi wa babu yake. Kikapotea kabla fundo la kwanza halijagusa maji. Babu akasema utotoni kwake, mahali pale pale, walikuwa wakidondosha sarafu na kuipigia mbizi kwa kuiona. Tumeandika tarehe na kipimo kwenye daftari, na tutarudia kila mwezi. Mzazi yeyote wa Kayenze, Ukerewe au Sengerema mwenye mtumbwi na nafasi, tunaomba afike ofisini achukue kamba.