Bahari ya Aral: Maji Yaliyogeuzwa Pamba

Mwaka 1960 Bahari ya Aral, iliyoko kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 68,000, karibu sawa na Ziwa Victoria. Licha ya jina lake, Aral ni ziwa. Halina mto unaotoka, na uhai wake hutegemea mito miwili inayoingia: Amu Darya na Syr Darya.

Serikali ya Kisovieti ilitaka pamba, na pamba jangwani hudai maji mengi. Mito hiyo ikachepushwa kwenda mashambani. Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, uliyavusha maji ya Amu Darya hadi Turkmenistan, na kwa kuwa haukusakafiwa, mengi yalinywewa na mchanga njiani. Kupungua kwa ziwa kulikofuata hakukuwa jambo la bahati mbaya. Wapangaji walijua kwamba litapungua. Kwa hesabu zao, pamba ilikuwa na faida kubwa kuliko samaki.

Walioilipa hesabu hiyo ni watu wa ufukweni. Moynaq, upande wa Uzbekistan, ulikuwa mji wa bandari wenye kiwanda kikubwa cha kusindika samaki. Maji yalipozidi chumvi, samaki wa asili walikufa, na kwa miaka kadhaa kiwanda kikaletewa samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali. Sasa ufuo uko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Sakafu ya ziwa iliyobaki wazi ina chumvi na mabaki ya viuatilifu vya mashamba yaleyale ya pamba. Upepo huyapeperusha hadi kwenye nyumba na vifua vya watu. Huko Karakalpakstan, eneo la Uzbekistan lenye mji wa Moynaq, maradhi ya mfumo wa kupumua na upungufu wa damu yameenea, na wanawake ndio walioathirika zaidi na upungufu huo.

Mwaka 2005 Kazakhstan, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikamilisha bwawa la Kok-Aral ili kuyazuia maji ya Syr Darya upande wa kaskazini. Kina kiliongezeka upesi, chumvi ikapungua, na wavuvi wakarudi kazini. Ni ushindi wa kweli, ila wa kipande kidogo: mwaka 2014 bonde la mashariki la sehemu ya kusini lilikauka kabisa.

Tangu mwaka 2022 Afghanistan inachimba mfereji wa Qosh Tepa wenye urefu wa kilomita 285. Maji yake yanatoka Amu Darya, na nchi hiyo haimo katika makubaliano ya mgawo wa maji ya majirani zake.