Mshahara wa Leo na Riziki ya Uzeeni

Watu wawili wakutanapo mwisho wa mwezi, mmoja mtumishi wa Serikali na mwingine wa kampuni, aghalabu huulizana jambo moja tu: "Bwana, wewe walipwa kiasi gani?" Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Mshahara wa mtu una sehemu mbili: ile aitiayo mfukoni sasa, na ile imngojayo siku atakapokuwa hana nguvu za kufanya kazi. Asiyeijua sehemu ya pili hawezi kusema ni nani alipwaye zaidi.

Kwa mfano, na wachukuliwe marafiki wawili wa Kenya waliosoma darasa moja. Wote wawili walifanya kazi miaka 20, wakastaafu mwishoni mwa mwaka 2022 wakiwa na umri wa miaka 60. Wa kwanza alikuwa karani wa Serikali, na mshahara wake wa mwisho, pasipo posho ya nyumba, ulikuwa Sh. 40,000/- kwa mwezi. Wa pili alikuwa karani wa kampuni, naye alipata Sh. 50,000/-. Je, ni yupi aliyelipwa vizuri zaidi?

PENSHENI YA SERIKALI

Kwa sheria ya zamani ya pensheni, mtumishi wa kudumu hakukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni yake mwenyewe. Ililipwa yote na hazina ya Serikali, maadamu alikuwa ametumika miaka 10 au zaidi. Hesabu yake si ngumu. Miezi ya utumishi hugawanywa kwa 480, kisha jibu huzidishwa kwa mshahara wa mwisho. Posho hazimo katika hesabu hiyo.

Miaka 20 ni miezi 240, nayo ni nusu ya 480. Basi pensheni ya karani huyo ni nusu ya mshahara wake, yaani Sh. 20,000/- kwa mwezi. Tena aliruhusiwa kuigeuza robo ya pensheni hiyo kuwa kiinua mgongo. Robo ni Sh. 5,000/- kwa mwezi, au Sh. 60,000/- kwa mwaka. Huzidishwa mara 20, ikawa Sh. 1,200,000/- za kupokea mara moja. Zilizobaki, Sh. 15,000/- kila mwezi, ni zake mpaka kufa. Lakini haki hiyo ilikuwa na masharti: aliyefukuzwa kazi kwa makosa aliweza kuikosa.

AKIBA YA MTU WA KAMPUNI

Rafiki wa pili alikuwa mwanachama wa hazina ya malipo ya uzeeni iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1965, ambayo watu wengi huiita NSSF. Kwa miaka mingi, hata mwanzo wa mwaka 2023, mchango wake haukupita Sh. 200/- kwa mwezi kwa mfanyakazi na Sh. 200/- kwa mwajiri. Kwa miaka 20 jumla yake haizidi Sh. 96,000/-, faida haijahesabiwa. Fedha hizo zililipwa zote kwa mara moja, na zikiisha zimekwisha.

Hapo ndipo ile Sh. 10,000/- aliyomzidi mwenzake kila mwezi inapopaswa kutazamwa. Na ichukuliwe kwamba tofauti hiyo haikubadilika, naye akaiweka yote akiba. Katika miaka 20 angekuwa na Sh. 2,400,000/- pasipo faida. Akitoa Sh. 1,200,000/- ili alingane na kiinua mgongo cha mwenzake, zingebaki nyingine kama hizo. Na akizitumia kwa kiasi cha Sh. 15,000/- kwa mwezi, zingemtunza miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8. Faida ya benki ingeongeza muda huo. Lakini ni wangapi wawezao kuweka akiba kila mwezi kwa miaka 20, ilhali karo ya watoto, kodi ya nyumba na maradhi havingoji?

Si kampuni zote zilizo sawa. Nyingi, hasa zilizo kubwa, zina mipango yao ya pensheni inayosimamiwa kwa sheria ya mwaka 1997, na mwajiriwa wa kampuni ya namna hiyo aweza kumpita mtumishi wa Serikali.

MABADILIKO

Vijana wa leo wasiende kwa hesabu za baba zao. Tangu tarehe 1 Januari 2021, watumishi wa Serikali waliokuwa chini ya umri wa miaka 45, pamoja na walioingia baadaye, huchanga wenyewe. Mchango wao ulianza na 2 kwa mia ya mshahara katika mwaka wa kwanza, ukawa 5 katika wa pili, kisha 7½. Serikali huongeza 15 kwa mia. Mwenye mshahara wa Sh. 40,000/- huwekewa jumla ya Sh. 9,000/- kwa mwezi.

Kwa upande wa makampuni, tangu Februari 2023 mfanyakazi hutoa 6 kwa mia na mwajiri 6 kwa mia, mpaka kiwango cha mshahara kilichowekwa. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwenye Sh. 50,000/- huwekewa jumla ya Sh. 6,000/-. Pengo lipo bado, lakini si lile la zamani.

Basi kijana apewapo kazi, na aulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: mshahara wenyewe ni kiasi gani pasipo posho, mwajiri atachanga kiasi gani kwa ajili ya uzee wake, na akiacha kazi mapema, atachukua nini. Akiisha kuajiriwa, na aombe taarifa ya akiba yake kila mwaka, ahakikishe kwamba kila shilingi iliyokatwa imefika. Akiba haiozi, lakini isiyofikishwa hazinani haimlishi mzee.